Mstari mmoja kwenye ombi la ununuzi: kisa cha waya wa joto kali wa tanuri

Ombi la ununuzi lilikuwa na mstari mmoja tu: "Waya wa joto kali, kihami cha madini, 6 mm², nyuzi 450, mita 100." Aliyeliandika ni fundi umeme mwenzangu, nami kama msimamizi wa matengenezo nikalitia saini bila kuuliza lolote. Wiki mbili baadaye afisa ununuzi akaja na profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji, akazitandaza mezani. "Fundi, hawa watatu wanauza kitu kimoja, lakini bei zao zimepishana mno. Nichukue ya chini?"

Hazikuwa za kitu kimoja. Profoma ya kwanza ilikuwa ya kebo yenye ala (ganda la nje) ya shaba, ndani yake unga wa oksidi ya magnesiamu ulioshindiliwa. Ya pili ilikuwa ya waya uliozungushiwa utepe wa mika kisha ukasukiwa fibaglasi juu yake. Ya tatu ilikuwa ya kebo nyembamba ya themokapo (kihisi cha joto) ya aina K yenye ala ya Inconel, ambayo ni aloi ya nikeli. Hiyo imeundwa kupeleka ishara ya milivolti chache kwenye kifaa cha kupimia joto, wala haihusiani kabisa na kulisha hita. Wauzaji wote watatu walikuwa wamesoma maneno yetu kwa uaminifu. Mika ni madini, na oksidi ya magnesiamu ni madini. Sisi ndio hatukuwa tumesema tunataka nini.

Nilimwomba asubiri, nikarudi kwenye tanuri.

Tanuri lenyewe ni la kulainishia vipande vya chuma, na ndani hufika nyuzi 850 za sentigredi. Lina kanda mbili za joto, kila kanda ina hita tatu zilizoungwa kwa mtindo wa nyota kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 400. Kila kanda hula kilowati 18, kwa hiyo kila waya unaoenda kwenye hita hubeba takribani ampea 26. Si mzigo mkubwa. Katika chumba cha kawaida waya wa shaba wa 6 mm² huubeba bila shida. Hata hivyo, nyaya fupi zinazotoka kwenye kisanduku cha maungio hadi kwenye vichwa vya hita zilikuwa zinakatika kila baada ya miezi mitatu au minne, na kila zikikatika shehena nzima iliyomo ndani huharibika kwa sababu haikupoa kwa mpangilio.

Nyaya zilizokuwepo zilikuwa za mpira wa silikoni wenye suko la fibaglasi, aina ya kuvumilia nyuzi 200. Mafundi walikuwa wanabadilisha moja moja na kulaumu ubora wa waya. Ndiyo maana ombi likaja na nyuzi 450: tukinunua waya wenye namba kubwa zaidi, tatizo litaisha.

Nilichukua waya mmoja uliokatika nikaukagua mwangani. Silikoni ilikuwa imegeuka unga mweupe kwa urefu wa kiganja hivi kutoka kichwani, lakini mita moja nyuma yake ilikuwa bado laini kama mpya. Shaba karibu na lagi, kile kishikizo kinachobanwa mwishoni mwa waya ili ufungwe kwa boliti, ilikuwa nyeusi, ukiikunja inavunjika. Lagi yenyewe ndiyo iliyonifungua macho. Ilikuwa lagi ya kawaida ya shaba iliyopakwa bati, na bati lile lilikuwa limeyeyuka likatiririka na kuacha vishanga vidogo upande wa chini. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232. Kwa hiyo kichwa kile kilikuwa kimepita joto hilo, na hata tungenunua waya wa nyuzi 1,000 tukaubana kwa lagi zilezile, mahali pa kukatika pasingebadilika. Shaba ikishaoksidika ndani ya lagi, mgusano unakuwa na ukinzani, ukinzani unazalisha joto, joto linaongeza oksidi, na mzunguko huo haurudi nyuma wenyewe.

Tulifunga themokapo za kupimia kwa siku mbili, kazi ambayo ilipaswa kufanyika kabla ya ombi lolote kuandikwa. Kwenye vichwa vya hita tulipata nyuzi 310. Sentimita 40 kutoka ukutani, 180. Ndani ya kisanduku cha maungio, ambacho mtu fulani zamani alikifunga kwenye bamba la tanuri lenyewe, 110. Kwenye njia ndefu ya kebo kutoka paneli, inayopita ubavuni mwa tanuri kisha juu ya pipa la mafuta ya kuzimia chuma, joto lilifika 140 mahali pabaya zaidi, lakini pale shida nyingine ni mvuke wa mafuta na maji ya kuoshea sakafu.

Nyuzi zile 310 za vichwani zilinipa shaka. Tulipofungua kifuniko tuliona kwamba sufu ya seramiki iliyozunguka viingilio vya hita ilikuwa imeliwa, na hewa ya moto ilikuwa inapuliza moja kwa moja kwenye lagi. Tukashindilia sufu mpya, tukapima tena: nyuzi 240. Nyuzi 70 zimeondoka kabla hatujanunua hata sentimita ya waya.

Hapo palikuwa na kishawishi. Waya wa PTFE (plastiki inayostahimili joto) na fibaglasi huuzwa kwa kiwango cha nyuzi 250, hupatikana kwa urahisi na hukatwa vizuri kwa kisu. Fundi mwenzangu aliutaka huo. Nilikataa, na bado naona nilifanya sawa. Tofauti ya nyuzi 10 si akiba ya usalama. Sufu ile italiwa tena, na waya wenyewe una joto lake mwenyewe juu ya lile linalouzunguka. Shaba kwenye nyuzi 240 ina ukinzani karibu mara mbili ya ule wa nyuzi 20, maana huongezeka kwa takribani asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Ampea 26 zilezile zinachoma nishati karibu maradufu ndani ya waya uleule.

Aina tatu chini ya jina moja

Inafaa nieleze kila aina kwa sababu uchanganyaji huu ndio moyo wa kisa.

Kebo yenye ala na unga, ambayo wengi wakisikia "kihami cha madini" ndiyo huiwaza, ni ya zamani. Mvumbuzi wa Uswisi, Arnold Borel, alipata hataza yake mwaka 1896, na viwanda vikaanza kuitengeneza kwa biashara Ulaya katika miaka ya 1930. Vijiti vya shaba hupangwa ndani ya bomba la shaba, unga wa oksidi ya magnesiamu hujazwa kati yake, kisha kitu kizima huvutwa mpaka kiwe chembamba na unga ukawa mgumu kama jiwe. Hakuna plastiki ndani, hakuna cha kuungua. Unga wenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 2,800, shaba huyeyuka kwenye 1,085. Ndiyo maana hutumika kwenye saketi za dharura zinazotakiwa kuendelea kufanya kazi moto ukiwaka. Lakini kuhimili moto kwa saa chache si sawa na kuishi kwenye joto miaka kumi. Kwa matumizi ya kudumu ala tupu ya shaba hufikia nyuzi 250 hivi, kwa sababu juu ya hapo inaoksidika na kujichubua. Ukitaka zaidi lazima ubadilishe ala iwe chuma cha pua au aloi za nikeli. Kiwango cha kimataifa cha kebo hizi za ala ya shaba ni IEC 60702, na kinahusu volti zisizozidi 750.

Waya wa mika na fibaglasi ni mnyama mwingine. Unapindika, unafaa kwa nafasi finyu za ndani ya vifaa, na kwa kawaida hupewa nyuzi 450 na volti 600. Lakini suko la fibaglasi hunywa maji na mafuta kama utambi, kwa hiyo ni waya wa mahali pakavu. Na nyuzi 450 ni za kihami. Shaba tupu haiwezi kukaa huko, hivyo ndani huwekwa nikeli safi au shaba iliyofunikwa nikeli nene. Aina inayotumika sana ina nikeli asilimia 27 ya uzito, na hupitisha umeme kwa takribani asilimia 70 ya uwezo wa shaba. Nikeli safi ina ukinzani karibu mara nne ya shaba. Kwa hiyo "6 mm²" kwenye ombi letu lilikuwa neno lisilokamilika. 6 mm² ya nini?

Ya tatu, kebo ya themokapo, nimeshaisema. Inafanana na kebo ya ala kwa umbo na unga wake, na ala ya Inconel hustahimili joto la kutisha, lakini nyuzi zake za ndani ni aloi zilizochaguliwa kwa ajili ya kupima joto, zenye ukinzani mkubwa. Mtu aliyetazama namba ya joto peke yake angeichukua hiyo kwa furaha, maana ndiyo iliyokuwa na namba kubwa kuliko zote.

Tulichoagiza

Tulilitupa lile ombi la mstari mmoja. Badala ya kuuliza "waya gani", tulichora njia nzima kutoka paneli hadi kwenye hita na kuandika joto, unyevu na mtikisiko wa kila kipande. Njia ikajigawa yenyewe.

Kutoka kisandukuni hadi kwenye vichwa vya hita, mahali pakavu, pafinyu na penye moto: waya wa mika na fibaglasi, shaba yenye nikeli asilimia 27, 6 mm², nyuzi 450, volti 600. Vichwa 12, viwili kwa kila hita, kila waya chini ya mita 2, jumla mita 24. Pamoja nao lagi za nikeli na boliti za chuma cha pua. Lagi tuliziandika kwenye ombi lilelile, kama sehemu ya bidhaa, ili zisiwe jambo la kutafutwa baadaye kwenye droo ya stoo.

Kutoka paneli hadi kisandukuni, penye mafuta, maji na toroli zinazogonga ukuta: kebo yenye ala ya shaba, nyaya tatu za 6 mm², daraja la volti 750, mita 70 kwa kanda zote mbili. Ala yake ni shaba isiyokatika kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo hufanya pia kazi ya waya wa ardhi.

Kisanduku tulilazimika kukihamisha, na ni jambo ambalo lingetuumiza kama tungelisahau. Kebo ile huishia kwenye kikombe kidogo cha shaba nyeupe kinachoskurubiwa juu ya ala na kujazwa lahamu maalumu ya kuzuia unyevu, si ile ya kuunganishia metali bali aina ya kinamo kisichopitisha umeme. Kebo huhimili nyuzi 250, lakini lahamu ya kawaida imetengenezewa nyuzi kati ya 80 na 105 kutegemea aina. Kisanduku chetu kilikuwa na 110. Yaani tungenunua kebo bora kuliko zote halafu tungeua kila mwisho wake ndani ya msimu mmoja. Zipo lahamu na vifungio vya joto kubwa zaidi, vingine vya kioo na seramiki, lakini kusogeza kisanduku sentimita 60 mbali na ukuta, juu ya mabano yanayopitisha hewa nyuma yake, kulishusha joto hadi nyuzi 55.

Afisa ununuzi alipoona karatasi mpya ya kurasa mbili alisema hajawahi kupewa maelezo marefu hivyo kwa ajili ya waya. Lakini safari hii profoma zilizorudi zilikuwa zinalinganishika, na wauzaji wawili walipiga simu wenyewe kuuliza mambo ya maana. Mmoja aliuliza kama tuna vifaa vya kuchuna ala. Hatukuwa navyo, tukaviongeza.

Sampuli

Kabla ya kulipia mita 24 za waya wa mika tuliomba sampuli za mita 10 kutoka kwa wauzaji wawili. Kukagua kulichukua nusu saa na hakukuhitaji maabara.

Kwanza sumaku. Nikeli huvutwa na sumaku ikiwa baridi, shaba haivutwi. Sampuli ya kwanza ilinata. Ya pili haikusogea. Tukakwangua nyuzi zake kwa kisu: rangi ya fedha ikatoka kwa mkwaruzo mmoja na wekundu wa shaba ukajitokeza. Ulikuwa mpako mwembamba. Kisha tukapima ukinzani kwa mita ya milioomu. Mita 10 za 6 mm² zenye nikeli asilimia 27 zinatakiwa kusoma kama milioomu 40, na shaba ya kawaida kama 29. Ya kwanza ilisoma 41. Ya pili ilisoma 30, yaani ilikuwa shaba, nzuri ya kupitisha umeme na mbaya kwa kazi yetu. Cha ajabu ni kwamba vipimo vya paneli vingeisifia. Ingepita majaribio yote ya siku ya kwanza, kisha ingeanza kuoksidika polepole.

Sitaki kumhukumu muuzaji yule. Karatasi yake ilisema "shaba yenye nikeli", na hilo ni kweli. Haikusema nikeli kiasi gani. Tangu hapo asilimia ya nikeli iko kwenye kila ombi letu.

Kebo iliyokuja na vinywa wazi

Kebo ya ala ilifika ikiwa imekatwa kutoka kwenye roli kubwa, na ncha zake zilikuwa zimezungushiwa utepe wa plastiki tu. Mtunza stoo alitaka kuipokea. Kwa bahati alikuwapo kijana wa umeme aliyekuwa amesoma jambo moja kuhusu unga ule: oksidi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewani na kugeuka hidroksidi, na kihami kikinyonya unyevu si kihami tena. Akaomba ipimwe kabla ya saini.

Mega ya volti 500, mita ya kupima uzima wa kihami, ilisoma megaomu 0.4 kati ya waya na ala. Kwenye kebo nzima kavu tulitarajia zaidi ya 100. Dereva alisimama akitutazama kama tunamchelewesha makusudi.

Tulikuwa na haki ya kuirudisha, na kama usomaji ungebaki hivyo tungeirudisha. Lakini unyevu kwenye kebo hizi hukaa mwishoni, kwa kuwa unga umeshindiliwa sana na maji hayasafiri mbali ndani yake. Kwa kibali cha muuzaji kwa njia ya simu, tulikata sentimita 30 kila upande. Ncha moja ikawa safi papo hapo. Nyingine ikapanda hadi megaomu 6 na kukwama. Tukaipasha kwa tochi ya gesi, tukianzia ndani sentimita 50 kutoka mwisho na kusogea polepole kuelekea mdomoni, ili mvuke usukumwe nje. Ukianza mdomoni unausukuma unyevu ndani zaidi, kosa ambalo mafundi wengi hulifanya kwa sababu ndiyo njia ya kawaida ya mkono. Ilipopoa ilisoma zaidi ya 200. Tukafunga vikombe vya muda hapohapo, na usomaji na tarehe tukaviandika kwenye kibandiko.

Kama ingepokelewa na kukaa stoo miezi mitatu na ncha zile, sijui tungekata mita ngapi.

Kufunga na joto la kwanza

Kufunga kulienda vizuri kuliko nilivyohofia. Kebo ya ala hukunjwa kwa mkono lakini haipendi kukunjwa na kukunjuliwa mara mbilimbili, shaba hukakamaa na kupasuka. Kila kona tuliipa nusu kipenyo kisichopungua mara sita ya unene wake, na karibu na feni ya tanuri tukaacha kitanzi kimoja kamili ili mtikisiko ufie hapo.

Siku ya kuwasha, nyaya za mika zilianza kutoa moshi mweupe wenye harufu kwenye nyuzi 200 na kitu. Opareta alikimbilia breka ili azime umeme. Hiyo ilikuwa ni dawa iliyopakwa kwenye suko kiwandani ili lisifumuke; huungua katika joto la kwanza na kwisha. Datashiti ilikuwa imesema, lakini opareta hakupewa datashiti, na hilo ni kosa langu. Baada ya dawa ile kuungua, suko linakuwa kavu na rahisi kuchubuka, kwa hiyo nyaya zile haziguswi tena bila sababu. Tumeandika onyo kwenye mlango wa kisanduku: usizisogeze ili kuona nyuma yake, tumia kioo.

Baada ya wiki ya kwanza ya kupashwa na kupozwa tulikaza tena boliti zote 12. Nne zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Tulizikaza tena mwezi uliofuata na hakuna iliyosogea.

Sasa ni miezi kumi na nne. Hakuna waya uliokatika. Vichwa vya kanda ya pili vimepanda hadi nyuzi 265, ishara kwamba sufu imeanza kuliwa, na iko kwenye ratiba ya kubadilishwa. Kama tungechukua ule waya wa nyuzi 250, wakati huu tungekuwa tayari tumeupita.

Stoo kuna mita 4 za kebo ya ala zilizobaki, zimetundikwa ukutani, vikombe kwenye ncha zote mbili. Kila robo mwaka yule kijana huzipima na kuongeza mstari kwenye kibandiko. Mstari wa mwisho unasema 200+.